ALIYEFIKA KWANZA AKANGOJA



Katika sura ya 20 ya Injili yake, Mtakatifu Yohane atusimulia mbio za watu wawili. Ilikuwa alfajiri ya siku ya kwanza ya juma. Maria Magdalena alikuwa ameleta habari kwamba jiwe limeondolewa mlangoni pa kaburi. Mara Petro akatoka pamoja na yule mwanafunzi mwingine, wakakimbia wote wawili. Mapokeo ya Kanisa yasema kwamba mwanafunzi huyo ndiye Yohane mwenyewe, naye alikuwa kijana. Akampita Petro, akafika kwanza. Akainama, akaona sanda, lakini hakuingia. Alimngoja mwenzake. Petro akafika, akaingia. Ndipo na Yohane akaingia, akaona, akasadiki.

Twaisoma habari hii kila mwaka wakati wa Pasaka, na mara nyingi twaipita upesi. Injili haikuficha kwamba mmoja alikuwa na mbio kuliko mwenzake, wala haikumlaumu kwa sababu ya mbio zake. Yatuonyesha tu alivyozitumia. Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya watu wanaokimbia pamoja, na juu ya kungoja huko kwa Yohane, kwa maana neno hili lawahusu wakimbiaji, tena lawahusu wote walio na baba, mama, ndugu na jirani.

Mpanda ndio mji mkuu wa Mkoa wa Katavi, mkoa uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Huko, kama katika miji mingi ya nchi yetu, wako watu wanaoamka kabla ya jua, wakavaa raba na bukta, wakaingia barabarani. Si wanariadha wa kulipwa. Ni wakimbiaji wa ridhaa: mwalimu, muuguzi, fundi cherehani, kijana wa bodaboda, mama mwenye genge la mboga. Mmoja ajiandaa kwa mbio za kilometa 5, mwingine kwa 10, mwingine kwa 21. Na wachache waiota siku ya kwenda Moshi kushindana katika Kilimanjaro Marathoni na kumaliza kilometa 42 na mita 195. Zawadi ya fedha hawaitarajii. Watafuta afya, watafuta ushirika, na wengine, tuseme kweli, watafuta dawa ya upweke.

Jambo hili si geni kwetu. Kila aliyesoma shule ya msingi katika Tanzania aujua mchakamchaka. Watoto wajipanga, mmoja aanzisha wimbo, wote waitikia, na wimbo wenyewe waifundisha miguu kwenda sawa. Mkubwa na mdogo hukimbia kwa mwendo mmoja, kwa maana hakuna awezaye kwenda mbele akauacha wimbo nyuma. Wengi wetu tulipata hapo somo la kwanza la riadha, tena somo la kwanza la umoja, kabla hatujajua kuandika majina yetu vizuri.

Je, watu hawa hufanyiana nini? Hufanyiana mambo madogo. Mmoja humpigia mwenzake simu saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa ajua kwamba leo kitanda kina nguvu. Mwingine hubeba maji ya wawili. Mwenye uzoefu humwambia mgeni asiongeze kilometa nyingi kwa juma moja, maana goti halina haraka ya kupona. Walimu wa riadha hufundisha kwamba siku za mbio za pole mtu akimbie kwa mwendo unaomwezesha kuongea. Akishindwa kuongea, amezidisha. Lakini mtu hupima maongezi kwa kuongea na mwingine! Hapo twaona kwamba hata kanuni ya mazoezi yadai pawepo mwenzi.

Tena katika Katavi kuna sababu nyingine za kutokwenda peke yako. Alfajiri giza bado ni zito, na magari hayana huruma. Tangu Novemba hadi Aprili mvua huharibu njia. Kisha huja miezi ya vumbi. Barabara ya kwenda Sumbawanga yapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, nchi ya simba, nyati, tembo na viboko wa mto Katuma. Huko hapana mtu mwenye akili afanyaye mazoezi. Na mwanamke anayetaka kukimbia kabla ya mapambazuko ana hofu ambayo wanaume wengi hawaijui. Akizungukwa na wenzake wenye heshima, barabara inakuwa yake kama ilivyo ya wengine. Jambo hili peke yake latosha kukifanya kikundi cha mbio kuwa tendo la mapendo ya jirani.

Walakini huenda msomaji mmoja akauliza: Je, Mtakatifu Paulo hakuwaambia Wakorinto kwamba katika uwanja wa michezo wote hupiga mbio, bali apokeaye tuzo ni mmoja? Mwenye nguvu akimngoja mnyonge, hajipotezei tuzo? Na mnyonge akizoea kungojwa, hatalemaa? Swali hili si la kudharauliwa.

Kwanza tutenge siku ya mashindano na siku za mazoezi. Siku ya mashindano kila mmoja akimbie kwa nguvu zote alizojaliwa na Mungu. Kumwachia mwenzako ushindi kwa kujifanya umechoka si mapendo. Ni uongo, nao wamwondolea heshima hata huyo uliyemwachia. Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu aliipatia nchi yetu medali ya dhahabu ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda ule ule. Kilichowatenga ni sehemu tatu za mia za sekunde, yaani kupepesa jicho ni kurefu zaidi. Hakuna aliyemwachia mwenziwe hata unywele, na ndiyo haki. Paulo asifu juhudi kama hiyo, na kuidharau ni kudharau kipaji.

Lakini siku ya mashindano ni moja, na siku za mazoezi ni mamia. Katika mamia hayo mwenye mbio hapotezi kitu akimngoja mwenzake. Mwili wake wahitaji siku za pole ili upone, na asiye na wa kumngoja mara nyingi huzifanya siku zote kuwa za vita, mpaka aumie. Na mnyonge halemai kwa kungojwa, mradi yule anayengoja awe anamvuta kwenda mbele. Petro hakubaki njiani kwa sababu Yohane alimngoja, alifika. Wala Yohane hakukosa kitu. Aliingia wa pili, na juu yake ndipo Injili yasema kwamba aliona, akasadiki.

Tutazame pia wakimbiaji wakuu. Eliud Kipchoge wa Kenya, tarehe 12 Oktoba 2019, alikimbia urefu wa marathoni mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hapana mtu aliyewahi kushuka chini ya saa mbili kabla yake. Kazi ile haikuandikwa katika orodha rasmi ya rekodi, kwa kuwa haikuwa mashindano ya wazi, na alisaidiwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumwongoza na kumkinga upepo. Wengi wa wale 41 walikuwa mabingwa kwa haki yao wenyewe, nao walikubali kukimbia ili mwingine asifiwe. Na Kipchoge huyo, kule kambini Kaptagat, alijulikana kwa kushika zamu ya kufagia na kusafisha vyoo pamoja na vijana wasio na jina. Hivyo bingwa wa mbio hakuona haya kushika ufagio.

Mwezi Desemba 2012, katika mbio za nyika huko Navarra, Hispania, Mkenya Abel Mutai aliyeongoza alidhani amekwisha kuuvuka mstari wa mwisho, akapunguza mwendo, huku bado zimebaki hatua chache. Nyuma yake alikuja Mhispania Iván Fernández Anaya. Angaliweza kumpita, wala sheria isingemlaumu. Lakini alibaki nyuma yake, akamwonyesha kwa mkono aendelee mpaka mwisho, naye akawa wa pili. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, wanawake wawili, Nikki Hamblin wa New Zealand na Abbey D'Agostino wa Marekani, waligongana katika mbio za mita 5,000, wakaanguka. Mmarekani alimwinua mwenzake kwanza. Kisha goti lake mwenyewe likakataa, na yule aliyeinuliwa akarudi kumtia moyo. Mhubiri wa Agano la Kale alisema zamani kwamba wawili ni bora kuliko mmoja, maana wakianguka mmoja atamwinua mwenziwe. Bali ole wake aliye peke yake aangukapo. Maneno hayo yalitimia uwanjani mbele ya macho ya dunia nzima.

Nasi tunaye wa kwetu, John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, mji ulio juu zaidi ya mita 2,200 ambako hewa ni nyembamba, alianguka, akaumia vibaya goti na bega. Akafungwa bendeji, akaendelea. Mwethiopia Mamo Wolde alikuwa amekwisha kushinda kwa saa 2, dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, giza limekwisha kuanguka, wa 57 na wa mwisho, baada ya saa 3 na dakika 25. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii: kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio tu, bali ili azimalize.

Twamsifu Akhwari, na ni haki. Lakini tuwafikiri pia wale watu elfu chache waliobaki kwenye viti vyao. Wengine wote walikuwa wamekwenda zao. Hao waliobaki walimwona, wakampigia makofi. Ndugu msomaji, katika kila kikundi, katika kila kigango, katika kila nyumba, yuko Akhwari mmoja ajaye wa mwisho, gizani, kwa maumivu. Swali ni hili: atamkuta nani?

Nchi ya Katavi yenyewe yajua maana ya swali hili. Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa mwisho wa safari ndefu ya miguu kutoka pwani ya bahari, kupitia Tabora. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walikabidhiwa boma la Wabelgiji lililokuwa hapo, wakalifanya misioni. Misafara ya siku zile ilitembea kwa utaratibu: kirangozi mbele na bendera, wapagazi katikati na mizigo yao, na nyuma watu wa kuwaangalia waliochoka. Hivyo ndivyo ilivyopasa kuwa. Lakini historia yatuambia pia neno la huzuni, kwamba wapagazi wengi walioshikwa na ndui au na homa waliachwa kando ya njia, na msafara ukaendelea. Bendera ilifika, mtu hakufika.

Na katika Karema hiyo hiyo Mungu alituinulia mfano ulio kinyume. Adrian Atiman alizaliwa Afrika ya Magharibi, katika nchi iitwayo leo Mali. Alinyakuliwa angali mtoto, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa uganga huko Malta. Alifika Karema kabla ya mwaka 1890, akakaa hapo akiwa katekista na mganga mpaka alipokufa mwaka 1956. Alikuwa mmoja wa walioangushwa njiani; aliyeinuliwa akatumia maisha yake yote kuwainua wengine. Hizo ndizo mbio ndefu kweli kweli.

Sasa tuje kwenye jambo linaloumiza. Wengi wa wanaoacha mazoezi hawaachi siku moja kwa kelele. Mtu hakosi kuja Jumatatu, akakosa Jumatano. Juma lijalo hakuonekana kabisa. Kikundi chasema, “Amepata kazi nyingi,” kikaendelea. Lakini huenda ana homa. Huenda amefukuzwa kazini naye aona haya. Huenda amerudi kwenye pombe aliyokuwa akiikimbia. Huenda hakuwa na fedha za jezi mpya, wala hakutaka kusema. Naye akiwa nyumbani anasikia asubuhi vishindo vya miguu ya wenzake vikipita mlangoni pake, wala hapana anayebisha hodi. Kimya kile humwangusha kuliko ugonjwa wenyewe. Ndugu, je, ni vigumu namna gani kusimama dakika mbili tukabisha hodi?

Mambo ni yale yale nyumbani. Yuko mtoto anayeachwa nyuma darasani, na baba hujivunia yule wa kwanza tu. Yuko mama anayebeba peke yake mzigo wa shamba, maji, kuni na mgonjwa, na wote humsifu kwa nguvu zake badala ya kumtua. Yuko mzee aliyewafundisha wengi kutembea, ambaye leo hapana mwenye subira ya kutembea mwendo wake. Mtakatifu Paulo awaandikia Wagalatia wabebeane mizigo, na aiita kazi hiyo utimizo wa sheria ya Kristu. Hakusema wabebeane sifa.

Vikundi vya mbio navyo vina makosa yake, na rafiki wa kweli huyataja. Yasiwepo mavazi ya bei kubwa yanayomfukuza maskini. Mchakamchaka haukudai jezi. Asichekwe mnene, wala mzee, wala anayeanza. Amethubutu zaidi kuliko anayemcheka. Picha zisiwe kusudi la safari. Kilometa za asubuhi zisiwe kisingizio cha kulewa jioni. Na kwa kuwa mbio nyingi hufanyika Jumapili, Mkristu apange mapema Misa yake. Asiyependa kumwacha mwenzake njiani, atamwachaje Bwana wake mezani?

Hapo pana mfano mzuri kutoka Roma. Mwezi Januari 2019 kilitangazwa rasmi chama cha riadha cha Vatikano, kiitwacho Athletica Vaticana. Wanachama wake wa kwanza walikuwa watu wa kazi mbalimbali: mapadre, watawa, askari walinzi wa Baba Mtakatifu, wafanyakazi wa maktaba na wa duka la dawa, pamoja nao walipokelewa vijana wahamiaji Waislamu kutoka Afrika. Ni watu wa ridhaa, kama wale wa Mpanda. Katavi nayo ina Wapimbwe, Wabende, Wakonongo na Wasukuma. Ina Katumba na Mishamo, makazi ya waliokimbia vita vya Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao walipewa uraia wa Tanzania miaka iliyopita, na watoto wao wamezaliwa hapa hapa. Barabara haimwulizi mkimbiaji kabila lake. Mwenye kukimbia kilometa 10 pamoja na mtu hawezi tena kumwita mgeni kwa urahisi.

Basi tuwaage kwa mashauri machache. Wewe mwenye mbio, jua kwamba kutangulia si kufika. Mara moja kwa juma kimbia mwendo wa aliye nyuma kuliko wote, wala usimwambie kwamba unamsaidia. Wewe uliye nyuma, usione haya kungojwa, bali jitahidi, na kesho umngoje mwingine. Ninyi viongozi wa vikundi, wekeni kila asubuhi mtu mmoja wa kufunga nyuma, na huyo ahesabiwe kuwa mwenye kazi ya heshima kuliko wa mbele; tena hesabuni watu mnapoondoka na mnaporudi. Ninyi wazazi, watoto wenu wakirudi kutoka mashindanoni, msiwaulize tu walikuwa wa ngapi. Waulizeni pia waliondoka uwanjani pamoja na nani, na ni nani aliyebaki.

Waraka kwa Waebrania watufundisha kwamba twapiga mbio tukiwa tumezungukwa na wingu kubwa la mashahidi. Watakatifu hawakufika mbinguni wakatusahau. Wamefika, nao watungojea na kutuombea. Na Bwana wetu Yesu Kristu, jioni ya ile siku ya ufufuko, aliyekuwa na haki ya kukaa katika utukufu wake, alitembea mwendo wa watu wawili waliochoka katika njia ya Emau, mpaka wakamtambua katika kuumega mkate.

Atujalie neema ya kwenda mwendo huo. Na kama kuna jina moja lililokujia moyoni uliposoma haya, jina la mtu ambaye hujamwona siku nyingi, usingoje Jumapili. Nenda leo ukabishe hodi.